Barua ya wazi kwa viongozi wa wilaya yetu: vyombo tukivitoa baharini, tuviweke wapi?

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, pamoja na wataalamu wenu wa ardhi, mazingira, uvuvi na maafa.

YAH: UFUKWE ULIOZIBWA NA TAHADHARI ZA BAHARI ZISIZOWEZA KUTEKELEZWA

Waheshimiwa viongozi,

Nawasalimu kwa heshima, kwa niaba ya wavuvi, akina mama wa dagaa na mwani, wachuuzi na mafundi wa vyombo wa diko letu, yaani mahali petu pa kufikia na kuvutia vyombo nchi kavu. Tulitamani malalamiko haya yaishie ofisini. Tulianzia serikali ya kijiji, tukaenda kwa mtendaji wa kata, tukafikisha barua masjala ya halmashauri na nakala yetu ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Kila tulipofuatilia tuliambiwa suala linafanyiwa kazi, mtaalamu yuko safarini, tusubiri kikao. Huku tukisubiri, ukuta mwingine ukainuka ufukweni. Naandika hadharani kwa sababu msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini, unakaribia na hatuna tena mlango mwingine wa kubisha.

Tahadhari ya bahari na sheria ya ardhi ya ufukweni ni jambo moja, lakini katika wilaya yetu zinaendeshwa kama mambo mawili yasiyojuana. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, nahodha anayeitii hatoki, na kama ameshatoka, hurudi. Asipotoka, chombo chake kinahitaji mahali pakavu. Akirudi, anahitaji mahali pa kufikia. Kote kuwili ni ufukweni. Anayeziba ufukwe ameifuta tahadhari, hata kama hakuwahi kuisoma.

Hoja zetu ni hizi.

1. Diko limebanwa mpaka halitoshi

Mashua ya mbao yenye urefu wa mita 9 haibebwi begani. Huvutwa juu ya magogo na kundi la watu, hatua kwa hatua, kwa kuitikiana, na kazi hiyo inataka mteremko ulionyooka, mchanga mgumu, na nafasi ya watu kusimama kushoto na kulia. Ngalawa ndiyo zaidi, maana ina mirengu pande zote mbili na upana wake ni mkubwa kuliko unavyoonekana ikiwa majini. Nafasi hiyo tulikuwa nayo. Sasa upande wa kusini wa diko kuna ukuta wa mawe, upande wa kaskazini kuna uzio wa nguzo za zege, na katikati tumeachiwa kipande ambacho siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, vyombo vinalaliana. Kichochoro cha kutoka kijijini kwenda pwani kimewekewa geti. Mchana hufunguliwa ukimbembeleza mlinzi, usiku hufungwa kwa mnyororo.

Msimu wa kusi uliopita tahadhari ilitoka na manahodha wakaitii. Vyombo vidogo vikavutwa vikakijaza kile kipande, mashua kubwa zikabaki nje zimetia nanga mbele ya ukuta. Usiku upepo ukazidi, maji yakajaa, kamba ya nanga ya mashua moja ikakatika. Ufukwe ungekuwa wazi, mashua ile ingepwelea mchangani na asubuhi tungeisukuma irudi majini. Ilikuta ukuta. Mawimbi yakaibamiza pale mpaka mkuku ukapasuka, na alfajiri tulikuwa tunaokota mataruma na vipande vya mbao chini ya mawe, mashine ya boti imejaa mchanga. Mwenye mashua hakukaidi agizo lolote. Alifanya alichoambiwa na serikali, akapoteza mtaji wake wote.

2. Mita 60 zinaanza kuhesabiwa wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka baharini shughuli za kudumu za kibinadamu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Na juu ya yote, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwenye maandishi tumelindwa vizuri. Tatizo ni mahali mpimaji anapochomeka kigingi cha kwanza.

Bahari yetu haina ukingo mmoja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu mwendo huo hupungua sana na maji yakijaa huishia chini zaidi. Kati ya kujaa kwa bamvua na kujaa kwa maji mafu, tofauti inaweza kukaribia mita 1. Ukiitazama mita 1 ya kwenda juu utaiona ndogo. Lakini kwenye ufukwe unaopanda mita 1 kwa kila mita 20 za kutembea, hiyo ni mita 20 za ardhi. Mpimaji akija siku ya maji mafu na kuanzia palipolowana siku hiyo, theluthi ya eneo la umma imekwisha kumegwa kabla hajaandika namba yoyote.

Hivyo ndivyo vilivyopimwa viwanja jirani na diko letu. Tulikuwepo na tukasema, tukajibiwa kwamba sisi si wapimaji. Bamvua la Machi, ambalo ni miongoni mwa makubwa ya mwaka, likaja likaingia ndani ya uzio. Mwenye kiwanja naye akajibu kwa kusogeza ukuta mbele. Leo ukuta ule ndio unaoitwa mwisho wa bahari, na mvuvi akisimama chini yake maji yakiwa yamejaa yanamfika magotini. Mita 60 ziko wapi, waheshimiwa?

3. Kuta, mchanga na mikoko

Wataalamu wenu wanalijua hili, ila naliandika kwa ajili ya wananchi watakaosoma. Wimbi likipanda ufukwe wa mchanga, nguvu yake huishia njiani. Likikuta ukuta wima, hurudi nyuma na nguvu yake na kuchimba mchanga pale chini ya msingi. Ukuta unapokomea, wimbi hugeukia ardhi ya jirani na kuila kwa kasi kuliko zamani. Kwa hiyo kila anayejenga ukuta kulinda kiwanja chake anamsogezea mwenzake bahari, na mwenzake asiyekuwa na fedha za mawe ni kijiji.

Mifano tunayo karibu. Fukwe za Kunduchi na Africana, kaskazini mwa Dar es Salaam, zilianza kuliwa vibaya na bahari zaidi ya miaka 40 iliyopita, na uchimbaji wa mchanga kwenye vijito vinavyozilisha fukwe zile ulitajwa na watafiti miongoni mwa sababu. Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa kisiwa chenye miti ambako kasa walipanda kutaga, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Nani atasema hayo hayawezi kutufika?

Mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, lakini kwenye mlango wa kijito chetu imefyekwa ili majengo yapate mandhari ya bahari. Ilikuwa inavunja nguvu ya mawimbi bure, bila saruji.

4. Tahadhari inaishia kwenye simu

Mamlaka ya Hali ya Hewa siilaumu. Kimbunga Hidaya kilipokuja mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilitolewa mapema, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na kimbunga kilipofika Mafia tarehe 4 watu wengi walikuwa wanajua kinachokuja. Taarifa za kila siku nazo zinaeleweka: rangi ya njano kwa angalizo, ya machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa.

Pengo liko kati ya taarifa hiyo na mtu aliyesimama mchangani. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri. Taarifa ikitumwa usiku inamkuta nahodha mahali pasipo na mtandao. Aliyepo pwani anaisoma kwenye kundi la WhatsApp kati ya matangazo ya misiba na picha za mpira, au haisomi kabisa kwa kuwa hana simu ya namna hiyo. Dikoni hapana ubao, hapana bendera, wala hapana mtu aliyepewa kazi ya kuisoma kwa sauti. Na taarifa ikisema ukanda wote wa pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara, nahodha anayevua ndani ya mkondo wa Unguja hajui kama upepo anaoambiwa ni ule utakaompata yeye au ule wa bahari kuu mashariki ya Mafia. Hapo anabaki kutazama mawingu kama alivyofundishwa na babu yake, na elimu hiyo ni nzuri, lakini haioni kimbunga kilichoko mamia ya kilomita.

Kuna kundi linalosahaulika kila mara. Akina mama wa mwani na wachokoaji wa pweza huwa mbali kwenye mwamba, maji yakiwa yamekupwa, wakiinama. Upepo ukibadilika na maji yakianza kujaa kwa kasi wanahitaji njia fupi iliyonyooka ya kupanda nchi kavu. Njia hiyo ndiyo iliyofungwa kwa geti. Desemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari nzima na kuua watu hata hapa Tanzania. Tukio la namna ile halimpi mtu nafasi ya kumtafuta mlinzi mwenye ufunguo. Ukinilazimisha kuchagua hoja moja katika barua hii, nitachagua hii ya njia, kwa sababu ni roho za watu na dawa yake haina gharama: ni kufungua.

5. Mkono mzito kwa wavuvi, mwepesi kwa wenye kuta

Mita 60 zimewahi kutekelezwa kwetu. Vibanda vya makuti vya kuhifadhia nyavu vilibomolewa na chanja za kukaushia dagaa zikaondolewa, tukisomewa kifungu hicho hicho cha 57. Chanja hung'olewa jioni moja na ufukwe ukabaki kama ulivyokuwa. Ukuta wa mawe na zege haung'oki. Kama sheria iliweza kuviona vibanda, ina macho ya kuziona na kuta zilizo hatua chache kutoka pale.

Waheshimiwa, nayajua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine tumeshayasikia.

Tutaambiwa wenye kuta wana hati. Hati ina masharti, na Sheria ya Ardhi imeweka utaratibu wa kufuata masharti yanapovunjwa, mpaka kufikia kufutwa kwa miliki. Tena hati iliyotolewa kwa vipimo vya siku ya maji mafu inastahili kuchunguzwa ilivyopatikana. Na kwa maeneo yaliyokuwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ardhi haijagawiwa. Tuonyesheni mihtasari ya mikutano hiyo. Sisi ndio wajumbe wa mkutano mkuu, na hatukumbuki kuitwa.

Tutaambiwa wawekezaji watakimbia. Hatujakataa mwekezaji yeyote. Vijana wetu wanafanya kazi kwenye hoteli na samaki wetu wanaliwa huko. Mwekezaji aliyejenga nyuma ya mita 60 ana ufukwe wa kumwonyesha mgeni. Aliyejenga ukingoni mwa bahari ana mawe na ngazi, na kila mwaka anaongeza mawe.

Tutaambiwa vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Ni nadra, ni kweli. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikavunja merikebu bandarini na kuangusha mashamba ya karafuu. Aprili 1952 kikaipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilikuwa kinaelekea upande wa Mtwara, watu wakaanza kuhamishwa, kikaingilia Cabo Delgado kwa jirani zetu wa Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kikafifia kikikaribia pwani yetu, na Mei 2024 Hidaya kikafika. Tena kimbunga hakihitaji kutua kwako ili kikudhuru. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 1, uso wa bahari hupanda kama sentimita 1, na mawimbi yake husafiri mbali. Siku hiyo ikikutana na bamvua, maji yatafika mahali ambapo leo pana vyumba vya kulala. Na tukiviacha vimbunga kando, upepo wa kusi hautuachi mwaka hata mmoja.

Tutaambiwa wavuvi hawasikii, wanatoka hata wakikatazwa. Hili nalijibu kwa uzito, kwa sababu wapo wanaotoka. Baharia hulipwa kwa mgawo wa samaki, na asipotoka nyumbani hakuliwi. Nahodha akikaa siku tatu kwa tahadhari ambayo upepo wake haukuja, siku ya nne huiona tahadhari kama uvumi. Na akiwa anajua kwamba chombo kikibaki mbele ya ukuta kitavunjika, huona heri awe nacho baharini kuliko kukiacha. Huko si kutosikia. Ni hesabu ya mtu aliyenyimwa pa kukiweka chombo chake. Mpeni pa kukiweka na taarifa inayotaja eneo lake, ndipo mumwadhibu atakayekaidi, nasi tutasimama nanyi.

Tutaambiwa hakuna bajeti. Kufungua njia hakuhitaji bajeti. Kusimamisha vibali vya ujenzi hakuhitaji bajeti. Ubao, mlingoti na bendera tatu tutachangishana wenyewe mkituruhusu.

Na mwisho tutaambiwa suala hili ni la wizara. Kila halmashauri inatakiwa na sheria ile ile ya mazingira kuwa na afisa wake wa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia mkoa na wilaya hadi kijiji. Vibali vya ujenzi vinatoka kwenye majengo yenu. Yanayozidi uwezo wenu yapelekeni wizarani kwa barua na mtupe nakala, tujue limefika wapi.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Njia zote za asili za kwenda pwani zifunguliwe mara moja, mchana na usiku, uzio na mageti viondolewe, na ziingizwe kwenye ramani ya kijiji kama njia za umma.

(b) Vibali vyote vya ujenzi ndani ya eneo linalobishaniwa visimamishwe mpaka upimaji urudiwe.

(c) Mstari wa maji kujaa upimwe upya siku ya bamvua, mbele ya serikali ya kijiji, wavuvi na wenye viwanja. Mita 60 zihesabiwe kuanzia hapo na mawe ya mpaka yawekwe yaonekane kwa kila mtu.

(d) Orodha ya hati na vibali vilivyotolewa ndani ya mita hizo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, pamoja na tarehe na mihtasari iliyoidhinisha. Kuta zilizothibitika kuvunja sheria ziondolewe kwa gharama za waliozijenga, kuanzia zile zinazolibana diko.

(e) Eneo la kuvutia vyombo litengwe rasmi, lenye upana wa kutosha vyombo vyote vya diko siku ya tahadhari, na lisigawiwe kwa mtu yeyote kwa matumizi mengine.

(f) Mlingoti wa bendera na ubao wa hali ya hewa viwekwe dikoni, na kamati ya maafa ya kijiji iteue watu wa zamu wa kupokea taarifa, kupandisha bendera na kuitangaza kwa kipaza sauti kabla ya saa ya wavuvi kutoka. Mtuombee pia kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa taarifa zitenganishe maji ya ndani ya mikondo na bahari kuu.

(g) Mwenye mashua iliyovunjika asikilizwe rasmi, na aliyejenga ukuta uliomponza aitwe kwenye kikao hicho.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Tunaomba pia Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wafike dikoni wenyewe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, waje na mpimaji wao. Kikao tutakiandaa sisi, pale pale kwenye mchanga uliobaki. Siku hizo zikipita kimya, tutaifikisha hoja hii kwa Mkuu wa Mkoa na kutafuta msaada wa kisheria ili mahakama isome kifungu cha 57 pamoja nasi.

Nakala: Mheshimiwa Mbunge wa jimbo letu, Mheshimiwa Diwani wa kata, Mwenyekiti wa kijiji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa wavuvi,
kwa niaba ya watumiaji wa diko